Iulize Pikipiki Kabla Hujaisifu

Hakuna pikipiki mbaya ikiwa bado ina nailoni kwenye siti. Tenki linang'aa, tairi bado zina vinywele vya kiwandani, injini inanguruma taratibu, na muuzaji anakuita bosi. Ukiizungusha kutoka soko kuu la Bukoba hadi kule uwanja wa ndege kando ya ziwa na kurudi, utashuka ukiapa kwamba umepata chombo. Lakini njia hiyo ni tambarare, mgongoni huna mtu, mvua haijanyesha, na mara nyingi pesa imeshahesabiwa. Umemwona bibi harusi siku ya harusi.

Nianze basi na hiyo nailoni. Itoe siku hiyohiyo. Najua wengi huiacha hadi ichanike yenyewe, ili majirani wajue kitu ni kipya. Ikilowa huteleza, na abiria aliyekaa juu yake kwenye mteremko hukusukuma hadi kwenye tenki. Maji hunaswa chini yake, yakashuka kwenye mishono ya siti, na baada ya misimu miwili ya mvua sponji inanuka na chuma cha chini kimeota kutu. Heshima ya nailoni haifiki hata Krismasi.

Linalonileta hapa ni kubwa kuliko nailoni. Wiki chache za kwanza ndizo wiki ambazo muuzaji bado anakukumbuka sura, waranti bado inafanya kazi, na kosa la kiwandani bado ni la kiwanda, halijawa lako. Kwa hiyo usikae ukingoja pikipiki ikuonyeshe tabia yake kwa wakati inaoutaka yenyewe. Ipeleke mapema penye kilima, penye mzigo na penye maji, kwa utaratibu, ukiwa umeshajua unatafuta nini. Watu wa Kagera tuna bahati katika hili, kwa sababu vyote vitatu vinapatikana kabla hujamaliza lita mbili za petroli.

Ziwa Victoria liko zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Bukoba mjini ndiyo sehemu ya chini; ukitoka hapo karibu kila njia inapanda. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Karatasi ya sifa iliyobandikwa ukutani dukani imeandikwa kwa hewa ya pwani. Ikisema nguvu farasi 12, wewe wa Kashai umeshapata kama kumi na moja hivi, na ukifika Kamachumu zimepungua tena. Ndiyo maana kijana anayeendesha pikipiki Dar es Salaam, akija nyumbani Desemba na kuazima ya kaka yake, hudai ya kaka yake imechoka. Haijachoka. Iko juu zaidi, na inapanda.

Kuna mvua pia. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifikishi hata theluthi ya kiasi hicho. Pikipiki inayosifiwa Dodoma imesifiwa kwa vumbi. Yetu lazima ijue vumbi la Julai na utelezi wa Aprili, wakati mwingine ndani ya wiki moja.

Halafu kuna suala la ukubwa, ambalo watu hulipita haraka mno. Kwa Mmarekani, pikipiki ya kati ni ya CC 700 au 800. Kwa Mjapani ni 400, kwa sababu leseni yao ya kawaida huishia hapo. Kwa kijiwe cha Rwamishenye, pikipiki ya kati ni CC 150, na ndogo ni 100 na 125. Tuseme ukweli: kama kazi yako ni mjini, Hamugembe hadi hospitali, sokoni hadi stendi, CC 125 inakutosha na itakuachia chenji kwenye mafuta. Kama unapandisha watu Kamachumu, au unatoa ndizi vijijini Muleba kuzileta barabarani, chukua 150, na usikubali kuambiwa kwamba "zinalingana tu". Hazilingani kilima kikiwa kirefu. Ya 125 iliyobeba watu wawili itapanda, lakini itapanda kwa gia ya pili huku umeibana hadi mwisho, kila siku, na injini inayobanwa kila siku haizeeki salama. Angalia pia leseni yako. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi CC 125. Ukivuka hapo unahitaji A. Hili watu hulikumbuka wakishasimamishwa.

Dukani, kabla ya kulipa, fanya mambo ambayo muuzaji hayapendi. Omba pikipiki ambayo haijawashwa asubuhi hiyo. Weka kiganja karibu na injini. Kama ina joto, mtu ameitangulia kuipasha ili iwake vizuri mbele yako. Injini baridi ndiyo inayosema kweli. Iwashe kwa selfu, izime, kisha ipige kiki. Ukinunua pikipiki ambayo hujawahi kuipiga kiki, siku betri itakapokufa huko Nshamba ndipo utakapojua kwamba kiki yake inarudisha mguu.

Inama usome namba. Ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Ya injini iko kwenye ubavu wa injini, chini. Zilinganishe na karatasi tarakimu kwa tarakimu, wewe mwenyewe, si kwa kusomewa. Tarakimu moja iliyokosewa leo ni safari za bure za kwenda TRA siku utakapotaka kubadilisha jina kwenye kadi. Uliza na namba ya usajili itakuwa ya rangi gani. Kama utabeba abiria kwa malipo unahitaji ile nyeupe ya biashara pamoja na leseni ya LATRA, na bima iandikwe hivyo. Bima ndogo ya pikipiki binafsi haitamlipa abiria uliyempakia kwa nauli, hata ukilia.

Sasa jaribio lenyewe. Maduka mengi yako chini mjini, na mzunguko wanaokuruhusu ni wa barabara ya mbele ya duka. Omba kupanda Rwamishenye, tena mkiwa wawili, na yule wa pili awe mtu mzima mwenye mwili. Acha kitambulisho, acha simu, acha hata ndugu yako pale dukani. Muuzaji akikataa kabisa, nenda duka jingine. Pikipiki za aina moja zinauzwa mahali zaidi ya pamoja. Kwenye kile kilima fanya mambo matatu tu. Ukiwa gia ya pili, ongeza mafuta polepole uone kama inavuta bila kukohoa. Simama katikati ya mlima, kisha uondoke tena, uone klachi inashika wapi na kama inatetemeka. Ukigeuka kurudi, shuka ukiwa gia ya pili bila kugusa breki, uone injini inakuzuia kwa kiasi gani, halafu ndipo ujaribu breki moja moja, ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake.

Jambo dogo linaloangusha watu wazima: mpangilio wa gia. Pikipiki nyingine gia zote hukanyagwa mbele. Nyingine ya kwanza hukanyagwa chini na zinazobaki hunyanyuliwa kwa ncha ya kiatu. Mguu una kumbukumbu yake na hausikilizi maelezo. Ukitoka kwenye mfumo mmoja kwenda mwingine, jipe siku kadhaa bila abiria.

Ukishalipa, mgogoro unaanza, maana wazee wawili wa kijiweni watakupa ushauri unaopingana. Mmoja atasema pikipiki mpya ibembeleze, usizidishe kilomita 40 kwa saa hadi mwezi uishe. Mwingine atasema ipige tangu siku ya kwanza ili izoee. Wote wawili wana nusu ya ukweli, na ukifuata nusu moja tu utaharibu injini.

Ndani ya silinda kuna ringi za pistoni ambazo bado hazijakaa sawasawa na ukuta. Zinahitaji kusukumwa na moto wa injini ndipo zikae, kwa hiyo kuitembeza kinyonge siku zote, gia ya juu na mafuta kidogo, hakuzisaidii. Lakini pia chuma kipya kina michongo midogo isiyoonekana inayosuguana na kutoa joto, kwa hiyo kuibana hadi mwisho kwa nusu saa mfululizo ni kuikaanga. Kinachotakiwa ni mabadiliko. Panda kidogo, punguza, badilisha gia, pumzika. Na barabara ya kwenda Muleba imechongwa kwa kazi hiyo. Kutoka Bukoba ni kama kilomita 70 za lami inayopanda na kushuka: unapita Kemondo na ziwa lake, unapita Muhutwe, na hakuna mahali utakapoendesha kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu ukataka kusinzia. Nenda asubuhi, simama Kemondo injini ipoe huku ukinywa chai, simama tena Muhutwe. Kitu pekee cha kuogopa ni kuivuta ikiwa gia kubwa mlimani hadi inagonga. Ukisikia ule mlio mzito wa kugonga, umechelewa kupunguza gia. Wapo wanaodhani gia ya juu inaokoa mafuta hata pale injini inapolia.

Ukifika Muleba, usirudi kabla ya kukagua. Shika kila spoki ya gurudumu la nyuma uzitikise. Mpya hulegea katika mamia ya kwanza ya kilomita, na moja iliyolegea huzivunja jirani zake. Pitisha spana kwenye nati za ekseli, za usukani, za bomba la moshi na za keria. Angalia cheni: ikamate katikati, chini, uipandishe kwa kidole, iwe na mchezo wa kama sentimita mbili na nusu. Ikibana kama waya wa gitaa, mtu akipanda nyuma itavuta beringi. Ikining'inia itaruka meno mlimani, na hapo itachagua mahali pabaya.

Wanaopenda kupima mafuta wafanye kwa njia moja tu. Jaza tenki hadi shingoni, nenda Muleba urudi, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Kilomita 140 kwa lita tatu na nusu ni kilomita 40 kwa kila lita. Tenki la kwanza usilihukumu, injini bado inasugua. Hesabu ya tenki la nne au la tano ndiyo ya kuweka moyoni. Na mafuta hayo yatoke kwenye pampu. Ya chupa za barabarani yana siku yake, ile ya kukwama, lakini maji na uchafu wake huishia kwenye kabureta, na kabureta ya pikipiki mpya ikifunguliwa kabla ya wakati hairudi ilivyokuwa.

Oili ya kwanza imwage mapema, karibu na kilomita 500, au pale kitabu chako kinaposema. Utaona inametameta kama ina unga wa fedha. Huo ni ule msuguano wa mwanzo, na ni afadhali uwe kwenye kopo kuliko kwenye injini. Hapa pana kosa linalofanywa kila siku, hata na mafundi wenye jina: kuweka oili ya gari. Kwenye gari klachi iko pakavu, kwenye pikipiki zetu klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za kisasa za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Matokeo yake unapanda mlima, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi, na fundi anakuuzia klachi pleti. Soma kopo: liandikwe ni ya pikipiki ya 4T, na nyingi za CC 100 hadi 150 hutumia 20W-50. Tafuta pia herufi JASO MA. Usikubali kopo lililokwisha kufunguliwa.

Nimesema utaijaribu penye kilima, lakini Rwamishenye ni utangulizi tu. Mtihani wenyewe uko Muhutwe, pale unapoacha njia kuu kupandisha Kamachumu. Kupanda kila mtu anakuangalia. Nenda uangalie kushuka. Desturi ya vijana wetu ni kuzima injini au kuweka nyutro juu kabisa na kuteremka bure hadi chini, eti mafuta yanapona. Injini ikiwa ndani ya gia na mafuta yamefungwa hunywa tone tu, kwa hiyo unachokiokoa hakinunui hata muwa. Unachokipoteza ni injini kukushikia. Uzito wote wa pikipiki, wewe, mama wa nyuma na mtoto wake unabaki kwenye breki zilizo ndani ya habu. Breki hizo zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hulegea. Unakanyaga, pedali inashuka, na mwendo haubadiliki. Kanuni ni rahisi: shuka na gia uliyopandia. Pikipiki mpya ikikulazimisha kugusa breki kila mara hata ukiwa gia ya pili, chunguza kama uzito ulioupakia ni wake.

Hilo linatuleta kwenye ndizi. Mkungu mkubwa unaweza kufika kilo 30 na zaidi, na kwa kawaida haupandi mmoja. Keria ya kiwandani haikutengenezwa kwa Kagera, ndiyo maana kila mtu hupeleka kwa mchomeleaji kuongezewa vyuma. Fanya hivyo, lakini zingatia mzigo unakaa wapi. Kila kilo inayokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma inanyanyua gurudumu la mbele. Tambarare hutaona. Mlimani usukani unakuwa mwepesi mkononi, unageuza lakini pikipiki inanyooka, na kwenye kona yenye changarawe utaelekea migombani. Mwambie mchomeleaji keria iwe pana badala ya kuwa ndefu, mikungu ining'inie ubavuni, mizito mbele karibu na mgongo wako. Chomelea kwenye keria yenyewe au tumia bolti. Fremu usiiguse kwa moto, maana waranti inaishia pale na chuma kilichochomwa huanza ufa palepale. Kabla ya kupakia, ongeza upepo tairi la nyuma. Kitabu kina namba mbili, ya mtu mmoja na ya watu wawili, na wengi huishi kwa ile ya kwanza.

Kuhusu tope nitasema machache, mnalijua kuliko mimi. Udongo wetu mwekundu ukilowa hung'ang'ania, na ukijaa kati ya tairi na madigadi ya mbele gurudumu hukwama. Chungulia nafasi hiyo ukiwa dukani: vidole viwili vipite kwa urahisi. Ukivuka maji, iwe ni mto Kanoni umefurika mjini au kijito cha kijijini, shika breki kidogokidogo kwa mita mia moja baada ya kutoka, zikauke. Na ukipeleka kuoshwa, mwambie yule kijana asielekeze bomba la presha kwenye habu wala kwenye plagi. Wakati wa kiangazi fungua kichujio cha hewa mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Spea huzinunui leo, lakini unazichagua leo. Kabla ya kulipia pikipiki yoyote ambayo si Boxer wala TVS, zunguka maduka ya spea Bukoba, kisha uliza na Muleba mjini, vitu vinne: waya wa klachi, brekishu, cheni na sproketi zake, na taa ya mbele. Kama viwili kati ya hivyo vinaagizwa Mwanza, pikipiki hiyo ni ya Mwanza. Bei nafuu ya mwanzo utailipa kwa siku za kukaa kijiweni ukiangalia wenzako wakipakia. Na kama pikipiki ni ya mkataba, mwenye mali na dereva waandike mapema nani anamwaga oili, kila kilomita ngapi, na siku ya matengenezo hesabu inakuwaje. Mikataba mingi niliyoiona inataja hesabu ya kila siku na haitaji oili hata mara moja. Dereva anayedaiwa hesabu siku ya kumwaga oili hataimwaga.

Sasa niwageukie wale wenye moyo mwingine. Kila Desemba hutokea ndugu, anatoka Dar au ng'ambo, ananiuliza kuhusu zile pikipiki za kulalia nyuma, zenye injini ya silinda mbili zilizosimama kama herufi V. Mtaani huitwa kruza. Anataka moja ya ukubwa wa kati, ya kuendeshea akiwa nyumbani. Sitamcheka. Injini ile ina tabia inayofaa milima yetu: nguvu zake ziko chini, haihitaji kupigishwa kelele. Kamachumu ungepanda gia ya tatu ukizungumza, na ule upungufu wa hewa unaotutesa sisi wa CC 150 usingeusikia. Lami ya kwenda Mutukula, takribani kilomita 80, ingekuwa starehe tupu. Hata ile ya kusini kutoka Kagoma kuelekea Lusahunga.

Lakini maswali ni yaleyale, na majibu yake ni magumu zaidi. Harley-Davidson walipotoa Street 750 mwaka 2013, injini ya V ya CC 749 inayopozwa kwa maji, walikuwa wanatafuta watu wa miji kama ya India, na kwa sehemu ziliundwa hukohuko India. Chombo kizuri, lakini za mwanzo zililalamikiwa breki na joto kwenye foleni, na breki zikaboreshwa miaka michache baadaye. Ukinunua ya aina hiyo iliyotumika, uliza mwaka wake kabla ya bei. Zinazofika kwa urahisi zaidi kutoka Japani ni zile za CC 400, kama Yamaha Drag Star, ambayo haina hata cheni; gurudumu huzungushwa kwa shafti, na kwa tope letu hiyo ni heri kubwa. Ila injini yake inapozwa kwa upepo, na silinda ya nyuma imejificha mgongoni mwa mwenzake. Ukipanda mlima polepole nyuma ya lori la ndizi, hiyo ya nyuma ndiyo inayoungua. Simama, ipumzike.

Uzito wake ni karibu mara mbili ya Boxer. Ikilala kwenye tope la Rubya utahitaji watu. Tairi lake la nyuma ni pana na rimu yake ni ndogo, saizi ambayo hutaikuta hata uzunguke Bukoba nzima, kwa hiyo liagize jingine siku unapoagiza pikipiki yenyewe, pamoja na vichujio, plagi, nyaya na brekipedi. Madigadi yake hulikumbatia tairi, na mnakumbuka niliyosema juu ya vidole viwili. Abiria wake hukaa kama amesahauliwa, kwa hiyo mwenzako naye apande ajaribu kabla hujalipa.

La mwisho lifanyike kabla ya kutuma pesa yoyote Japani. Pikipiki hizo tumbo lake liko chini, nyingi sentimita 12 hadi 15 tu kutoka ardhini bila mtu juu yake, na mtu akipanda hushuka zaidi. Kata kijiti cha sentimita 12. Toka nacho kwenye lami, pale njia ya kwenu inapoanzia, utembee hadi mlangoni ukikisimamisha kwenye kila mtaro, kila mzizi wa mwembe na kila jiwe lililo katikati ya njia. Kila kitakachokizidi kijiti hicho kimo, kihesabu, kisha umpigie simu yule mdogo wako mwenye jembe umuulize ana nafasi lini.